Muda umeisha, malkia yuko ubaoni: nani kashinda?

Mpenda Chesi: Blitzi (chesi ya kasi) ya vijana Jumapili, Tudor, Mombasa. Dakika 5 kila mmoja, bila sekunde za nyongeza. Wa Likoni ana malkia na ngome, wa Kisauni kabaki na mfalme na kitunda kimoja, yaani kete ndogo kabisa. Mfalme akikimbia pembe hii na pembe ile, saa ikigongwa kila hatua pa pa pa, mpaka muda wa Likoni ukaisha. Mwamuzi akampa ushindi yule wa Kisauni. Kwangu hiyo ni sare. Mwaonaje?

Damu ya Kisauni: Sare ya wapi? Angekuwa na mfalme mtupu, sawa. Kitunda kikifika mwisho chageuka malkia, basi aweza kushinda. Sheria iko wazi.

Binti Ganjoni: Sheria sawa, lakini hata ubingwa wa dunia wa blitzi ni dakika 3 na sekunde 2 za nyongeza kila hatua. Sisi twawanyima watoto kwa nini? Halafu hao wakubwa wenyewe 2023 waligawana taji.

Mpenda Chesi: 2024, dada. New York, Carlsen na Nepomniachtchi. Saa zetu nyingi ni za mishale, hiyo nyongeza utaiweka wapi?

Mzee wa Baraza: Hayo ni mashindano ya vidole. Akili iko kwenye bao.

Damu ya Kisauni: Shikamoo mzee, lakini vidole? Kijana yule husoma mpaka usiku wa manane! Bao ni kuhamisha kete huku mwanywa kahawa.

Mzee wa Baraza: Marahaba. Mashimo 32, kete 64. Waanza na 10 ubaoni na 22 mkononi, na kila namua, yaani kuingiza kete ya mkononi, yataka uone mzunguko wote kabla hujagusa. Njoo Mji wa Kale ukae mbele yangu, kisha useme tena hilo la kahawa.

Nahodha Likoni: Mzee yuko sawa kuhusu vidole. Nilikuwa nyuma ya meza. Wa Kisauni alisogeza mfalme kwa mkono wa kulia, akagonga saa kwa wa kushoto. Sheria yataka saa igongwe kwa mkono ule ule uliosogeza!

Damu ya Kisauni: Mbona hamkusimamisha saa mkamwita mwamuzi?

Nahodha Likoni: Zimebaki sekunde nne, mtoto ana miaka kumi na miwili. Mwamuzi alikuwa wapi?

Binti Ganjoni: Alikuwa peke yake na meza nane. Nani alipanga hivyo?