Draiva inayoidanganya saa ya ulinzi ni bora isiwepo kabisa

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Siku tatu sijalala vizuri kwa sababu ya draiva (programu inayoendesha chipu) ya saa ya ulinzi, yaani watchdog, iliyokuja na bodi ya kompyuta tuliyonunua, na kila nikiwaandikia waliotuuzia, jibu ni lile lile: "ongeza sekunde" za kuisubirisha saa hiyo.

Saa ya ulinzi ina kazi moja tu. Inahesabu kushuka ndani ya chipu yake, na programu isipoirudisha mwanzo kabla ya sifuri, inaiwasha mashine upya bila kumwomba mtu ruhusa. Aliyeandika draiva hii akaona kuisubiri programu ni usumbufu, akaweka urudishaji huo ndani ya kikatizi cha taimu (interrupt, ishara inayojirudia yenyewe kila baada ya muda) cha kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Matokeo yake, programu yetu kuu ilikwama kwenye kufuli (lock), ikisubiri zamu isiyofika, saa sita nzima, na muda wote huo kikatizi kikawa kinaiambia saa kwamba tuko salama. Mlinzi yupo lindoni, lakini mnamfunga kitambaa usoni!

Na msije kuniambia Linux nayo hufanya hivyo. Kama chipu haiwezi kuhesabu muda mrefu ulioombwa, ndiyo, kerneli huirudisha mwanzo hapo katikati. Lakini muda ulioombwa ukiisha bila programu kuandika chochote kwenye /dev/watchdog, faili ambalo programu huitumia kuirudisha saa mwanzo, kerneli huacha kuisaidia na mashine inawashwa upya. Kuna kikomo. Hapa hakuna.

Nikakiondoa kile kikatizi. Nikaomba sekunde 90, draiva ikajibu 90, mashine ikajiwasha upya baada ya 26. Rejista, sehemu ya chipu inayoshika namba hiyo, ina biti 6, mwisho wake ni 63. Biti ya juu, yenye thamani ya 64, ikakatwa, zikabaki 26, na hakuna aliyekagua. Draiva inatakiwa ikatae namba isiyowezekana, au irudishe muda halisi uliowekwa, ili programu ijue inaishi na nini. Kujibu 90 ni uongo.

Lakini kinachoniuma kuliko yote ni hiki: chipu huhifadhi sababu ya kuwashwa upya, na draiva inaifuta mwanzoni kabisa, kabla mtu yeyote hajaisoma. Ukiuliza hali ya uwashaji unapata sifuri daima. Sasa nitatofautishaje umeme uliokatika na kerneli iliyoganda? Chipu hiyo hiyo inaweza kutoa onyo sekunde chache kabla ya muda kwisha, nafasi ya kuilazimisha kerneli iandike ilikwamia wapi. Kikatizi cha onyo hakijaunganishwa popote. Nimeipekua draiva yote mstari kwa mstari.

Naandika upya sehemu hizo mwenyewe. Aliyewahi kuokoa rejista ya sababu kwenye draiva ya namna hii, bila kuvuruga mpangilio wa uwashaji, aweke hapa alivyofanya. Wa "ongeza sekunde" tafadhali upisheni uzi huu.