Vikwazo vya uchumi: anaumia mtawala au sisi wa chini?

Mkulima, Newala
Ndugu zangu wa Kusini, tulijadili hili bila kukwepana. Vikwazo vya kuifunga nchi nzima vinampiga asiyehusika, na sisemi hivyo kwa kuwaonea huruma watawala.

Tazameni Iraki. Umoja wa Mataifa uliifungia biashara Agosti 1990, ilipoivamia Kuwait. Dawa ziliruhusiwa kwenye karatasi, lakini mafuta yasipouzwa hela ya dawa itoke wapi? Klorini ya kusafishia maji na vipuri vya mitambo ya maji vilisubiri kibali cha kamati ya Umoja huo New York, huku watu wakinywa maji machafu. Mpango wa kuuza mafuta ili wanunue chakula ukaanza Desemba 1996. Msimamizi wake Denis Halliday alijiuzulu 1998 kwa uchungu wa aliyoyaona. Hans von Sponeck aliyemrithi naye akaondoka 2000. Mtawala wao Saddam alikuwa bado ikulu.

Sasa ifikirieni huku kwetu. Mnunuzi ameshinda mnada wa korosho, benki yake inaogopa kutuma malipo. Salfa ya kupulizia mikorosho imekwama bandarini, na ugonjwa wa ubwiriunga haungoji kibali. Ataanza kulala njaa waziri au mimi?

Mzee wa Nachingwea
Mwanangu, mimi utotoni niliwaona vijana wa FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, hapa Nachingwea wakijiandaa kwenda vitani. Mwalimu Nyerere alihutubia London Juni 1959, wito wa kususia bidhaa za Makaburu wa Afrika Kusini ulipozinduliwa. Luthuli, kiongozi wa ANC, chama cha wapigania uhuru wa huko, ndiye aliyeuomba, akijua watu wake wataumia. Ungemwambia anyamaze? Ukiondoa vikwazo, kinachobaki mara nyingi ni bunduki. Ng'ambo ya Ruvuma tuliisikia.

Muuguzi, Lindi
Shikamoo mzee. Kaka wa Newala, umefanya vyema kutoitaja ile idadi ya watoto nusu milioni wa Iraki waliodaiwa kufa kwa vikwazo. Tafiti za baadaye ziliipinga. Madhara yalikuwepo hata bila idadi hiyo.

Mkulima, Newala
Shikamoo mzee wangu. Kwa Luthuli umenibana, nakubali: wenye nchi waliomba wenyewe.

Ila wakulima wa Burundi nani aliwauliza? Na hapo tulihusika sisi. Mwanajeshi Buyoya alipindua serikali ya huko Julai 1996, na mwezi haujaisha viongozi wa nchi jirani wakakutana Arusha wakaifungia Burundi, Tanzania ikiwemo. Petroli ikapanda bei, magendo yakashamiri, wakanufaika wenye malori na wakubwa waliowalinda. Vikwazo vikalegezwa kidogo kidogo, vikasitishwa Januari 1999 Buyoya akiwa bado rais.

Wapo wanaosema ndivyo vilivyomsukuma kwenye mazungumzo ya amani ya Arusha ya 1998. Sikatai, huenda vilichangia. Wangemfungia safari, wangezuia akaunti zake na silaha zake, ningeunga mkono kwa mikono miwili. Lakini mbegu na mbolea za mama wa kijijini, mzee wangu, zilikuwa na kosa gani hata zisubiri kuruhusiwa?