Mjadala: Gulio letu la Jumamosi, kamati ya kujitolea ishike hela au isishike?

Mleta mada
Wakuu, habari zenu. Mkutano wa mtaa umeshindwa kulimaliza hili, nikaona niwaletee hapa.

Kwa wasiolijua: mtaa wetu uko upande wa Ilazo, Dodoma. Kila Jumamosi kipande cha barabara ya vumbi hufungwa kwa magogo. Akina mama wa Hombolo na Veyula wanatandika nyanya, mlenda, karanga, ubuyu, na zabibu msimu wake ukifika. Hakuna mwekezaji. Watu wa mtaa wanajitolea: huyu anapanga nafasi tangu alfajiri, yule anaelekeza bodaboda zipite kwingine, vijana wanafagia mchana. Mwenyekiti aliruhusu kwa mdomo.

Sasa kamati imeanza kutoza shilingi 500 kwa kila anayetandika. Wanasema ni ya mifagio, kirikuu cha kubeba taka na soda za vijana.

Msimamo wangu: gulio liendelee, ila kamati isiguse hela ya muuzaji. Ukishamwambia mama mwenye tenga moja la nyanya "toa jero ndiyo ukae", hujitolei tena, unatoza ushuru. Ushuru ni wa Jiji, una sheria ndogo, una mashine ya POS na risiti. Sisi tuna daftari. Waliopo kwenye kamati ni waaminifu, sina neno nao. Lakini watachoka, hasa kile kipindi cha Julai upepo unapopiga vumbi hadi kwenye meno, na watakaokuja kuwapokea watakuwa wameifuata hiyo jero.

Kingine, wauzaji wengi si wakazi wa hapa. Mkutanoni hawana kura. Tunawapangia tozo watu ambao hawawezi kutuondoa.

Usafi tuulipie sisi tunaonunua. Karibuni mnipinge.

Fremu ya Kona
Mkuu, umehangaika na jero, mimi nahangaika na gulio lenyewe. Nalipa kodi ya fremu, leseni, na TRA ananijua kwa jina. Jumamosi mlangoni kwangu mtu anapanga mafuta ya alizeti ya Singida kwenye chupa za maji, na mimi ninayo humohumo dukani. Nikimwomba asogee naambiwa nina roho mbaya. Machinga walipoondolewa barabarani mwishoni mwa 2021 na baadaye wakajengewa soko la wazi, tuliambiwa barabara si mahali pa biashara. Soko la Job Ndugai lipo Nzuguni, Majengo lipo, Sabasaba lipo. Au hiyo kanuni ilikuwa ya machinga peke yao?

Mama Mlenda
Kaka wa fremu, pole, na huyo wa mafuta hata mimi nimemwambia asogee. Ila hayo masoko uliyoyataja ni ya mtu anayeuza kila siku. Mimi nauza Jumamosi, siku nyingine niko shamba. Kizimba nitakifanyia nini? Na nikipeleka kiroba cha mlenda mkavu hadi Nzuguni, nauli yangu na ya mzigo inakula faida kabla sijafungua.

Sasa mleta mada, wewe unanitetea kwa jambo nisilolilia. Jero nalipa. Ninacholilia ni choo. Tunafika giza halijaisha, tunaondoka saa nane, wengine wana watoto mgongoni. Nyumba moja inatutoza mia mbili kila ukiingia, nyingine wakituona wanafunga geti. Watu wakijizuia kunywa maji kwa jua la Dodoma ili wasihangaike na choo, hilo ni gulio gani? Mkichukua jero yangu mkaielekeza chooni, nitatoa hata elfu moja. Mkisema isichukuliwe, nani atalipia choo? Wanunuzi wenyewe wanagombana na mimi kwa fungu la mia tatu.

Mleta mada
Shikamoo mama. Choo ni hoja nzito. Lakini hapo kamati inaingiaje? Wapatane na mwenye nyumba mmoja, bei ijulikane, anayetumia amlipe mwenye choo mkononi.

Mama Mlenda
Marahaba. Ndiyo hiyo mia mbili ninayokwambia, mwanangu. Ipo tayari. Kinachokosekana ni choo chenye maji.

Bajaji Kisasa
Mimi yale magogo tu. Juzi nina mgonjwa nyuma, kijana ananiambia zunguka. Nizunguke wapi na korongo lile?

Mtumishi wa Mtumba
Kisheria mleta mada yuko sawa, ila dawa yake haitibu. Michango ya hiari ya wakazi tunaijua: mwezi wa kwanza kila nyumba inatoa, wa tatu wamebaki walewale.

Anzeni na karatasi. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na ruhusa ya mdomo ya mwenyekiti si kibali cha kuzifunga. Mwenyekiti amechaguliwa Novemba 2024, akiondoka anaondoka na ruhusa yake. Mkutano upitishe gulio, muhtasari uandikwe, mtendaji aupeleke kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani aubebe hadi Jiji. Jiji likilitambua, tozo itakatwa kwa mashine na mtadai choo na gari la taka kama haki yenu.

Fremu ya Kona
Na Jiji likishatambua litapandisha jero iwe buku, halafu taka zibaki hapohapo.

Mfagiaji
Mimi ndiye nafagia. Mnaizungumza hela ya soda kana kwamba tunajenga ghorofa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchi nzima, na hapa mtaani wanaotokea na fagio wanahesabika. Mleta mada sijakuona. Majani ya mboga mbuzi wanamaliza, kinachotuua ni vifungashio na makopo, na kirikuu hakibebi kwa maombi. Wekeni ubao. Kila Jumamosi kabla wauzaji hawajafunga mizigo, kilichoingia na kilichotoka kiandikwe waone.

Fremu ya Kona
Ubao naunga mkono. Utundikeni ukutani kwangu, mradi mafuta ya alizeti yahame.

Mleta mada
Ubao utaonyesha hela imekwenda wapi. Hausemi nani alitupa ruhusa ya kuikusanya, kwa hiyo kwenye jero bado napinga. Njia ya mtumishi naikubali, ingawa itachukua muda, na katikati hapo mifagio nitachangia mimi na nitakaowashawishi. Mkutano ujao wauzaji waalikwe, wapewe nafasi ya kusema.

Mama Mlenda
Basi usiwe Jumamosi.