Bastola ya kwanza: rivolva au ya magazini?

Kijana wa Tandahimba
Wadau, za jioni. Nina duka la vifaa vya ujenzi Newala, nyumbani ni Tandahimba. Msimu wa korosho ukifunguka watu wanajenga, nafunga duka usiku na mauzo ninayo. Nimeamua kuomba leseni ya bastola. Silaha niliyowahi kushika ni gobore la babu tu. Mmoja ananiambia nichukue rivolva, ile ya silinda inayozunguka, haina mambo mengi. Mwingine anasema Glock, ya magazini, yaani kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, rivolva ni za wazee. Kwa mtu asiyejua kulenga, nianze na ipi?

Mstaafu Ligula
Aliyekutajia rivolva hajakosea sana. Risasi moja ikigoma, unavuta triga tena, silinda inazunguka, inakuja nyingine. Ya magazini ikikwama lazima ujue kuikwamua, tena gizani na mikono inatetemeka. Ila usidanganywe na kale kafupi ka risasi 5 kanakoingia mfukoni. Bastola nyepesi ndiyo inayorusha mkono zaidi. Mtutu mfupi, triga nzito, mgeni anafumba macho kabla haijalia. Chukua ya ukubwa wa kati, risasi za unene wa 9 mm au .38, yenye uzito wa kutosha kumeza kishindo. Ukipata mwalimu mwenye .22, anzia hapo. Kishindo ni kidogo, utajifunza kuvuta triga bila kushtuka.

Nachingwea Damu
.22 ya kupigia njiwa? Chukua .45, mtu akipigwa hata kidoleni hainuki.

Mstaafu Ligula
Sinema hizo. Ya .45 ikikosa imekosa, kama zote.

Mmatumbi Asilia
Sisi Kilwa mwaka 1905, vita vya Majimaji, tulitumia maji. Mjaribu kwanza, hayahitaji leseni.

Bi Shangani
Hahaha, na matokeo yake tunayajua. Mimi nina swali dogo tu. Mkulima siku hizi analipwa kwenye akaunti kupitia AMCOS, chama chake cha ushirika. Kuna simu, kuna benki. Sasa muuza misumari anatembea na mabulungutu gani usiku mpaka atake bastola? Pesa taslimu msimu huu ninayoijua mimi ni ya kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo nje ya ushirika.

Kijana wa Tandahimba
Bi Shangani, nakuheshimu, lakini hapo umenivunjia heshima. Nimeuliza silaha, wewe unaniita mlanguzi. Bati nauza kwa risiti. Fundi anakuja na noti mkononi, nimwambie akafungue akaunti kwanza?

Bi Shangani
Sijakuita. Nimeuliza. Aliyeshtuka ni wewe.

Masasi Kwetu
Na hata angekuwa wa kangomba, kwani kangomba ndiyo iliyoua kusini? Mwezi wa tatu ndani hamna unga, mtoto anadaiwa sare, AMCOS imefungwa. Nani anakupa hela kwa korosho ambayo hata kuchanua bado? Ni huyo huyo mnayemtukana.

Mwanakorosho Nanyumbu
Anakupa, ndiyo. Kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika gunia ni lake, wewe unabaki na mti na dawa ya kupulizia. Tumeletewa stakabadhi ghalani, korosho inawekwa ghalani na kuuzwa kwa mnada, tangu 2007 ili tuachane na hao, bado kuna watu wanawatetea.

Masasi Kwetu
Stakabadhi ghalani na makato yake? Usinianzishe. 2018 serikali ilituahidi shilingi 3,000 kwa kilo, jeshi likaja na malori kuzibeba, wengine tulisubiri pesa mpaka tukasahau tunasubiri nini.

Mwanakorosho Nanyumbu
3,300, siyo 3,000. Na waliocheleweshwa wengi ni wale walioambiwa waoneshe shamba wakaonesha la jirani. Uhakiki ule uliwaumbua. Wewe la kwako lilionekana?

Masasi Kwetu
Shamba langu lina mikorosho aliyopanda baba yangu kabla hujazaliwa. Njoo uhesabu.

Fundi Chuno
Jamani, kijana aliuliza bastola. Leseni yenyewe hamjamwambia. Maombi yanaanzia kijijini au mtaani kwako, yanapanda mpaka kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, na polisi. Utaulizwa sababu, utatakiwa uwe umefundishwa. Umri ni 21 kwenda juu.

Mstaafu Ligula
25. Sheria ya 2015.

Fundi Chuno
Sawa mzee, 25. Na hapo kijijini wanaokujadili ni majirani. Wakisema hasira zako ziko karibu, umekwama.

Nachingwea Damu
Basi Bi Shangani asikae kwenye hiyo kamati.

Mama Wawili Mikindani
Niongee na mimi ambaye mume wangu anayo. Glock haina kile kitufe cha pembeni cha kufunga. Sefti ya mbele imo kwenye triga yenyewe, ukiibana kidole imefunguka. Kwa aliyezoea si tatizo. Kwa mgeni anayeichomoa kiunoni kwa papara, atajipiga paja. Na nyumba yenye watoto bila sefu la chuma, msianze hata. Kabatini juu ya nguo siyo sehemu, mtoto anapanda kiti. Halafu hewa yetu hii ya pwani ina chumvi, chuma kisipopakwa mafuta kinapata kutu haraka. Mume wangu anaisafisha kuliko anavyosafisha pikipiki.

Kijana wa Tandahimba
Asante mama, hili la watoto sikuliwaza, ninao watatu. Kwa hiyo rivolva?

Mstaafu Ligula
Rivolva, mtutu wa inchi 4, .38. Haina sefti ya pembeni nayo, lakini triga yake ndefu haifyatuki kwa kugusa, ilimradi hujaikoki, yaani kuvuta nyundo ya nyuma. Ila mimi nikiwa wewe ningefunga duka saa kumi na moja, mauzo niyatume kwa simu kabla ya giza. Mwenye bastola akivamiwa na watatu, mara nyingi wanaondoka na mauzo na bastola.

Bi Shangani
Ndicho nilichosema mwanzo.

Kijana wa Tandahimba
Hukusema hivyo, Bi Shangani. Ulisema kangomba.

Masasi Kwetu
Nanyumbu, nimekusubiri. Unakuja kuhesabu mikorosho au huji?

Mwanakorosho Nanyumbu
Jumamosi. Weka na mtu wa kupima mipaka.