Nota za kwaya kwenye katalogi ya chuo: utafute kwa neno, kwa mtunzi au kwa rafu?

SautiYaNne: Wadau, habarini. Kwaya yetu inajiandaa kuimba Messiah ya Handel, nami nimepewa kazi ya kutafuta nota katika maktaba ya chuo ninachosoma. Nikiandika "messiah" kwenye katalogi ya mtandaoni, vinamiminika vitabu vya dini, tasnifu na CD, nota zimezama humo. Mnaotafuta muziki kwenye katalogi, njia ipi inawafaa zaidi? Nahitaji nota za waimbaji zenye kinanda chini yake, si za okestra nzima.

MkutubiMstaafu: Mwanangu, anza na mtunzi. Fungua utafutaji wa kina. Kwenye kisanduku cha mwandishi weka "Handel, George Frideric" (zingatia hiyo Frideric, ndivyo alivyojiandika alipohamia Uingereza), kwenye jina weka "Messiah", kisha kwenye aina ya nyenzo chagua nota. Katalogi nyingi huziita "score" au "printed music". Vitabu vya dini na CD vitaondoka.

Katika zitakazobaki, soma maelezo ya kila moja. "Vocal score" ndiyo unayoitaka: sauti zote na kinanda. "Full score" ni ya kiongozi wa okestra. "Study score" au "miniature score" ina maandishi madogo, ni ya kusomea tu. "Parts" ni karatasi za kila mpiga ala peke yake.

Zumari: Shikamoo mkutubi. Kwa Messiah sawa, ila kazi nyingi hazina jina la pekee. Chukua simfonia ya tano ya Beethoven: iliyochapwa Ujerumani imeandikwa "Sinfonie", ya Ufaransa "Symphonie". Wakutubi huziunganisha kwa jina moja, "Symphonies, no. 5, op. 67, C minor", kwa hiyo mimi huandika tu "Beethoven op. 67" (op. ni opus, namba ya kazi ya mtunzi) na zote zinakuja. Watunzi wengine wana vifupisho vya orodha za kazi zao, vinavyofuatwa na namba: kwa Bach tafuta BWV, Mozart K., Vivaldi RV, Schubert D. Namba haijali lugha, kwangu ndiyo njia bora kuliko zote. Messiah nayo inayo, HWV 56, lakini usiitegemee, maana kazi yenye jina lake mara nyingi huingizwa bila namba.

BiNyota: Jamani, mnazungumzia Ulaya tupu. Mimi natafiti taarab, na huko opus haipo. Kwetu kutafuta kwa neno lolote ndiko kunakookoa, mradi uzijaribu tahajia zote: taarab, taarabu, tarabu, tarab. Ukiandika taarab* (nyota hushika mwisho wowote wa neno) unanasa mbili za mwanzo kwa mkupuo. Nyingine ziunganishe kwa OR, yaani "au".

Siti binti Saad alirekodi santuri Bombay mwaka 1928. Nyimbo kama hizo zikitolewa upya kwenye CD ya mkusanyiko, jina la mwimbaji huwa ndani ya orodha ya nyimbo, si kwenye kichwa cha CD. Ukimtafuta kwa jina la kazi humwoni, lakini neno lolote hufika hadi kwenye yaliyomo. Na wengine huandika "bint", kwa hiyo jaribu zote mbili. Ukishapata rekodi moja nzuri, bonyeza mada zilizo chini yake, zitakupeleka kwa nduguze.

Rekodi za vijijini alizokusanya mtafiti Hugh Tracey zitafute ILAM (maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika), Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Katalogi ya kawaida ya chuo haitakufikisha huko.

MkutubiMstaafu: Hapo umenena, Bi Nyota. Kwa taarab hata mimi ningeanza na neno.

Kuhusu rafu: vyuo vinavyofuata mfumo wa kupanga vitabu wa Library of Congress ya Marekani huweka nota kwenye M, vitabu kuhusu muziki ML, mafunzo MT. Oratorio (kazi ndefu za kwaya kama Messiah) za okestra nzima ziko M2000, zenye kinanda M2003. Kupekua rafu kunafaa, lakini peke yake hakutoshi, kwani vilivyo nyuma ya kaunta au vilivyoazimwa huvioni.

SautiYaNne: Asanteni sana. Kwa mtunzi na aina ya nyenzo, orodha imekuwa fupi kabisa. Nimeona "vocal score" mbili, ya mchapishaji Novello na ya mchapishaji Bärenreiter. Nichukue ipi?

Zumari: Ile ambayo wenzako wanayo tayari. Haleluya kwenye Novello iliyohaririwa na Watkins Shaw ni namba 44, kwenye Bärenreiter ni 39. Mkichanganya, mwalimu akitaja namba nusu ya kwaya itafungua wimbo mwingine. Waulize leo kabla hujaazima.