Mjadala: "1/12" kwenye karatasi ya mgonjwa ni mwezi mmoja au tarehe mosi Desemba?

Wadau, hasa mlioko Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria, naomba tulijadili hili kwa uzito wake.

Mama yangu mdogo anaishi Ukerewe na ana presha. Mwaka jana mwezi wa nane alivuka kuja mjini, akapimwa kwenye kituo kimoja cha afya, akapewa dawa za mwezi mmoja na kikaratasi. Chini ya kikaratasi paliandikwa hivi tu: TCA 1/12. Mama ana darasa la saba na anasoma vizuri. Akakisoma kama mimi na wewe tungekisoma: tarehe 1 mwezi wa 12. Dawa zikaisha Septemba, akatulia akiisubiri Desemba, akiamini kwamba daktari ndiye kapanga hivyo na ana sababu zake. Mwanzoni mwa Novemba akaamka kichwa kinamgonga na macho yana ukungu. Tukamvusha presha ikiwa 200 kwa 120.

Kwa waliosomea, 1/12 ni mwezi mmoja, yaani fungu moja katika miezi 12 ya mwaka. 2/52 ni wiki mbili, 5/7 ni siku tano. TCA ni herufi za Kiingereza za kumwambia mgonjwa aje tena. Muuguzi aliyetupokea ndiye aliyetufafanulia, na kwa huruma kabisa akasema, "Mama, haya huwa tunaandikiana sisi kwa sisi." Sasa kama mnaandikiana ninyi, karatasi kapewa mama ya nini?

Msimamo wangu ni huu. Vifupisho vibaki kwenye faili, na kati ya daktari na mfamasia. Karatasi au bahasha ya dawa inayokwenda nyumbani iandikwe kwa maneno kamili ya Kiswahili.

Msidhani vifupisho vinawachanganya wagonjwa peke yao. BD na TDS ni Kilatini, mara mbili na mara tatu kwa siku, na hivyo angalau vimezoeleka. Lakini OD, ambayo huku kwetu ni mara moja kwa siku, Marekani ni jicho la kulia, na kwingine ni dozi iliyozidi kiasi. Huko huko Marekani, mwaka 2004, Joint Commission, chombo kinachokagua na kuthibitisha ubora wa hospitali, kilitoa orodha ya vifupisho visivyotakiwa kuandikwa tena. Kimojawapo ni herufi U ya yuniti za insulini. Mwandiko ukiwa wa haraka, U inafanana na sifuri, na yuniti 10 zinasomeka 100. Hao ni wataalamu wanaosomana wenyewe kwa wenyewe, na bado waliona hatari. Bibi wa kisiwani Ukara atanusurika vipi?

Ila nikiri kwamba Kiswahili nacho kina mitego yake, na hapa ndipo ningependa tukae zaidi. Dawa ya mseto ya malaria, mtu mzima humeza vidonge vinne vinne, mara sita kwa siku tatu, jumla 24. Dozi ya pili ni baada ya saa nane tangu ile ya kwanza. Hebu itamke kwa sauti: "baada ya saa nane". Umesikia nini? Mimi nasikia mchana, saa nane ikishapita. Aliyemeza saa nne asubuhi atarudia saa nane na nusu mchana, wakati ilitakiwa jioni. Wauguzi wengi huwa wanasema "masaa nane", na mgonjwa anaelewa papo hapo kwamba ni muda unaohesabiwa, si saa ya ukutani. Mabingwa wa sarufi wanatuambia masaa ni kosa. Sawa, kwenye mtihani liwe kosa. Kwenye dirisha la dawa nitamtetea muuguzi anayesema masaa, maana tofauti hiyo ndogo inaokoa dozi.

Pia lile neno letu la siku zote, "kutwa mara tatu". Tunasema usiku kucha, mchana kutwa. Kutwa ni mchana mpaka jua lizame. Mzee anayekijua Kiswahili chake barabara anaweza kumaliza dozi zote tatu kabla ya magharibi, akalala saa 12 nzima bila dawa mwilini, na akawa amefuata maelezo neno kwa neno. Mimi naona liondoke, tuandike asubuhi, mchana, usiku. Anayelitetea aje, nitamsikiliza.

Na tusiseme lugha yetu haiwezi. VVU na UKIMWI ni vifupisho vya Kiswahili, na hakuna mwaloni wala gati usikoeleweka ukivitamka. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mshitakiwa anasomewa shitaka kwa lugha yake, halafu mgonjwa apelekwe nyumbani na mafumbo? Na kuna hili la kwetu kabisa: kichocho. Dawa yake, praziquantel, hupimwa kwa uzito wa mtu, miligramu 40 kwa kila kilo. Shuleni hawamwandikii mwalimu hesabu hiyo. Mtoto anasimamishwa kwenye mti wenye alama, urefu wake unapogota ndipo panaonyesha idadi ya vidonge. Mtu alikaa akamfikiria atakayeushika ule mti.

NYONGEZA baada ya kusoma michango yenu:

Daktari aliyesema foleni ni ndefu na hana muda: pole kwa kazi, najua mnaona watu wengi mno kwa siku. Lakini ufupi wa 1/12 dhidi ya "mwezi 1" ni herufi chache. Muda uliookolewa pale ulilipwa wodini Novemba, siku nne, na madaktari wenzako.

Aliyesema Kiswahili hakina istilahi za kitabibu: sijaomba kutafsiriwa kreatinini wala elektrolaiti. Naomba "mwezi", "wiki", "siku" na "rudi". Maneno hayo tunayo tangu enzi za mababu.

Dada muuguzi, wewe umenigusa. Umesema kuna kadi ambazo herufi zisizoeleweka ndizo zinazomlinda mgonjwa. Anapanda boti, kadi iko kwenye mfuko wa nailoni, jirani anachungulia, na ikiandikwa VVU kila mtu anajua kwa sababu hiyo hiyo niliyoisifia hapo juu. Sikuwa nimelifikiria. Nakubali: jina la ugonjwa lifichwe kwa herufi zozote mtakazoona zinafaa, ili mradi mgonjwa mwenyewe aambiwe maana yake faragha. Ila namna ya kumeza dawa na siku ya kurudi havina siri ya kumwaibisha mtu. Tutenganishe hayo mawili.

Aliyependekeza michoro, jua kwa asubuhi na mwezi kwa usiku: inasaidia, na pakiti za mseto zina picha tayari. Shida ni dawa za kuhesabiwa kutoka kwenye kopo, zinazotiwa kwenye bahasha tupu na kuandikwa 2x3, yaani vidonge viwili mara tatu. Huyo 2x3 mwenyewe kuna waliomsoma vidonge vitatu mara mbili. Jumla ni ile ile sita, lakini kila mezo inazidi kidonge kizima.

Na wewe mfamasia uliyeuliza, "Basi niandikeje hiyo saa nane bila kugombana na walimu wa Kiswahili?" Usiandike muda wa kuhesabu kabisa. Muulize mgonjwa anameza ya kwanza saa ngapi. Akikwambia saa nne hii ya asubuhi, andika: "Dozi ya pili leo saa 12 jioni." Kisha mwambie akusomee kabla hajatoka dirishani.