Mrejesho: Vipindi vya zamani kwenye TV ya skrini pana

Wakuu, nashukuru kwa michango. Niliuliza kwa nini kwenye TV ya 16:9 (skrini pana, upana 16 kwa kimo 9) watu wa vipindi vya zamani wanaonekana wafupi na wanene. Mliosema ni mpangilio wa picha mmepatia: TV ilikuwa inavuta picha ya 4:3 (umbo la vipindi vya zamani, upana 4 kwa kimo 3) ijaze skrini, hivyo kila kitu kinapanuka kwa theluthi moja. Nimerudisha 4:3, na saa ya ukutani kwenye kipindi sasa ni duara, si yai. Kukuza picha (zoom) ijaze skrini sitaki kabisa, kunakata jumla ya robo ya picha juu na chini, vichwa vinapotea. Mzee analalamikia mistari myeusi pembeni, eti tumelipia skrini nzima. Mimi naipenda hivyo hivyo. Kwa mpira wa sasa, skrini pana haina mpinzani.